Sabuni Niliyomnyima Ata

Nakumbuka asubuhi moja pale Kakuma, miaka ya tisini, nikiwa msichana mwenye kichwa kigumu na boksi jipya la ukunga. Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii ya kuzalisha, kaa nikusimulie. Mimi sitakaa. Nikiisimulia habari hii miguu yangu haitulii.

Nilikuwa nimetoka mjini Lodwar, ambako wakunga wa vijijini tulifundishwa kwa majuma mawili. Tulifundishwa kunawa hadi viwiko, kukata kitovu kwa wembe mpya, na kumtambua mapema mama anayehitaji hospitali. Mafunzo yalikuwa mazuri, usinielewe vibaya. Nilirudi na sabuni, nyembe, uzi na glavu ndani ya boksi, na ufunguo wake nikauvaa shingoni pamoja na shanga zangu. Maringo niliyokuwa nayo! Hata salamu nilikuwa naitikia nusu.

Asubuhi hiyo mdogo wangu Nakiru alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Ata, yaani nyanya yetu, aliyetupokea sote tulipozaliwa, akaja mbio kutoka kukamua mbuzi. Nikamzuia mlangoni, sabuni iko mkononi mwangu.

"Ata, usimguse. Mikono yako ni michafu. Lodwar wamekataza."

Ata akarudi nyuma hatua moja. "Sawa, mimi nakaa nje," akasema. "Lakini hiyo tumbo imekaa pana. Mtoto amelala vibaya. Angalia na mikono, wacha macho."

Nilipapasa, wala sikujua ninachopapasa. Nikajiambia tumbo ni tumbo. Kumwita tena niliona aibu, maana majirani wote walikuwa wamesikia nikimfukuza.

Jua likapanda. Nilisikia nyayo za Ata zikizunguka nyumba, zikisimama, zikizunguka tena. Nakiru akaniuliza, "Kwani bado?" Nikamwambia bado kidogo. Nikapanga nyembe, nikazipanga upya. Nikatoka kuchungulia mto Tarach, ambao siku nyingi ni mchanga mtupu, kwa sababu mawingu yalikuwa meusi upande wa milimani, na hospitali ilikuwa ng'ambo. Maji yakishuka kutoka huko milimani, mto hufurika, hakuna kuvuka. Nikarudi ndani, nikanawa tena mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Naogopa, na bado sikumwita.

Adhuhuri Ata akaingia bila kuniomba ruhusa, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo sabuni."

Nikampa. Akanawa hadi viwiko, vile vile nilivyofundishwa mimi, hakuniuliza hata kitu kimoja. Kisha akaweka viganja tumboni mwa Nakiru, huku na huku. "Kichwa iko hapa kwa ubavu. Huyu hatoki hapa nyumbani. Beba yeye, haraka!"

Wanaume wakamlaza Nakiru juu ya ngozi ya ng'ombe, tukavuka mchanga wa mto tukikimbia. Hospitalini alipasuliwa. Nakiru alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima kwa kumtazama, vidole vyote, nywele nyingi. Hakulia, wala hakupumua. Daktari aliniuliza uchungu ulianza saa ngapi, na nilipomjibu aliinamisha kichwa.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Ata. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Tulipofika katikati ya mto ndipo aliposema, "Sabuni ulikuwa nayo. Kwa nini hukunipa?"

Kwenye mafunzo yaliyofuata Lodwar nilimpeleka Ata, nikakaa nyuma yake. Ufunguo nilikuwa nimeshautoa shingoni.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Yale uliyofundishwa yashike, nawa kila mara, wembe uwe mpya. Lakini ukimkuta mkunga mzee mlangoni, usimfukuze. Mpe sabuni, mmiminie maji, kisha mwulize mikono yake inaona nini. Na ukiwa na shaka hata kidogo, mpeleke mama hospitali mapema, hata watu wakisema hujui kazi. Waache waseme. Mimi nilitaka waseme najua.

Nenda sasa, wanakungoja. Akuj, Mungu wetu wa juu, akutangulie katika kila nyumba utakayoingia, na mtoto wa kwanza utakayempokea alie, alie kwa nguvu, hadi mimi huku nilipo nimsikie.