Sifuri 43 za Tatu wa Marui

Saa tatu kamili asubuhi. Nyuma ya nyumba yake Marui, wilayani Kisarawe, Tatu Mwishehe anafunua kipimamvua cha chuma, anatoa chupa iliyomo ndani na kuipindua juu ya kiganja. Hakidondoki kitu. Anairudisha chupa mahali pake, anafungua daftari na kuandika: sifuri.

"Pakavu napo ni habari," anasema bila kuinua uso. "Walionifundisha waliniambia usiache nafasi wazi, wala usikisie."

Ana miaka 57 na elimu ya darasa la saba. Kazi hii ameifanya kwa kujitolea miaka 22 sasa. Siku aliyofiwa na mume, ilipokaribia saa tatu, aliinuka mkekani, akatoka na khanga kichwani, akaandika milimita sita, akarudi kulia na wenzake.

Halafu wataalamu wakamfuta.

Masika ya mwaka jana, kuanzia Machi 15, Tatu aliandika sifuri siku 43 mfululizo. Pembeni aliongeza kwa kalamu nyekundu: mahindi yamekunja majani, kisima cha bondeni kimebaki tope. Akapeleka karatasi zake kwenye mradi wa takwimu za mvua, kama kawaida.

Miezi miwili baadaye ripoti ikatoka. Ikasema katika siku hizo hizo Marui ilipata mvua milimita 168, na kata ikaondolewa kwenye orodha ya kupewa mbegu za msimu uliofuata. Ekari ya Tatu, iliyozoea kumpa magunia tisa ya mahindi, ilitoa gunia moja na nusu.

"Niliisoma mara tatu," anasema. "Nikajiuliza, jamani, ni mimi niliyechanganyikiwa?"

Akatia madaftari kwenye kiroba, akafunga safari hadi Kibaha, kwenye ofisi ya mradi uliokusanya takwimu. Alimkuta Eliya, kijana mpole anayechakata takwimu hizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe mvua yangu."

Eliya akamweleza. Kompyuta iliona sifuri zimezidi, ikazitilia shaka. Mtaalamu mmoja akaamua kwamba mwangalizi wa Marui hapimi, anajijazia tu. Sifuri zikafutwa, pakawekwa wastani wa vituo vya Ruvu na Janga, ambako kweli ilinyesha.

"Huyo mtaalamu alifika Marui lini?" Tatu akauliza.

Eliya akainamisha kichwa. "Hakuna aliyefika, mama."

Na hapo ndipo panapotia uchungu. Shuleni tunafundishwa kwamba sayansi ni kutazama kwanza, kusema baadaye. Historia yake ndefu imebebwa na watu waliokaa mahali pamoja miaka nenda rudi, wakitazama na kuandika, wengi wao bila kutajwa popote. Leo mtu ambaye hajakanyaga Marui anamwita aliyekuwepo mwongo, anateremsha mvua akiwa kitini, kisha anataka tuiheshimu kwa sababu ina jedwali. Simu ya dakika mbili ingetosha. Hakupiga, kwa sababu hakudhani mwanamke wa darasa la saba ana la kumweleza.

"Wangesema nimekosea kusoma, ningekubali waje wanipime," anasema Tatu. "Lakini kuniambia sikutazama? Mimi niliyeinuka kwenye mkeka wa msiba?"

Eliya alimsaidia kuandika barua ya malalamiko. Huu ni mwezi wa nne haijajibiwa.

Mwezi ujao mradi utasoma ripoti mpya mbele ya wadau, pale Kibaha. Tatu hajaalikwa, lakini nauli ameshaiweka. Anataka sifuri zake zote 43 zirudishwe kwenye kumbukumbu, na zisomwe kwa sauti, moja baada ya nyingine, hata kama watu watachoka kusikiliza.

Atabeba madaftari yote 22. Atabeba na ndoo.

"Kama hiyo mvua yao ilinyesha Marui," anasema, akifunga kifuniko cha kipimamvua, "basi wanijazie."