Nilivyofufua baiskeli ya Daktari Mghoi tukauzunguka mlima Kasigau

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni yule wa kusoma nyuzi za wengine, nacheka, naweka like, napita. Leo nina kisa changu. Sijatia chumvi, na wenye mnaijua barabara ya Kasigau mnaweza kunisahihisha nikikosea kona.

Naishi Voi, nafanya kazi maabara. Weekend zangu ni za baiskeli.

Si hizi mpya nyepesi kama karatasi. Ugonjwa wangu ni mountain bike za zamani, zile za chuma za miaka ya tisini. Hazina shock mbele, gia unabadilisha kwa kidole gumba juu ya usukani. Nazisaka kwenye mitumba na stoo za watu, nafungua nati zote, nasafisha, natia grisi, halafu napanda nayo milima ya Taita mpaka miguu ikatae.

Mke wangu husema nyumba yetu ina magurudumu mengi kuliko vikombe. Ni kweli.

Mwenzangu kwenye huu ugonjwa ni Salim, mwenye duka la hardware hapa mjini. Siku moja alinipigia akiongea polepole, kama mtu aliyeona simba.

"Ndugu yangu, nimepeleka mabati Rukanga. Ndani ya banda la kuku kuna kitu. Zambarau, na kijani kwa chini. Njoo ujionee mwenyewe."

Wakuu, hiyo rangi nilikuwa naitafuta miaka. Jumamosi tulikuwa Rukanga mapema.

Mwenye boma ni Mama Mghoi, nesi mstaafu. Mwembamba, mrefu, sauti ya chini. Kijijini wote wanamwita Daktari. Anaishi na binti yake Wakesho, mwalimu.

Baiskeli ilikuwa imening'inia, kuku wamelala juu ya usukani, na mnajua kuku akilala juu ya kitu anaacha nini. Nikaifuta kwa shati. Chini ya ule uchafu rangi ilikuwa hai.

Nikamwambia nataka kuinunua.

"Hiyo siuzi," akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa gari langu la chanjo. Nimezunguka huu mlima nayo, kijiji kwa kijiji, kisanduku cha dawa kimefungwa nyuma. Niliachiwa na mzungu wa kujitolea alipomaliza kazi yake hapa."

Moyo ulishuka mpaka kwenye viatu.

Kisha akaniuliza, "Wewe unaweza kuitengeneza itembee?"

"Naweza kujaribu, mama."

"Basi itengeneze. Nataka kuuzunguka mlima tena."

Wakesho, aliyekuwa anapepeta mahindi, akaweka ungo chini. "Mama, na hilo goti?"

"Goti ni langu," Mama Mghoi akajibu.

Hapo ndipo presha ilianza. Hii haikuwa baiskeli yangu ya kuharibu.

Shida kubwa ilikuwa lile bomba linaloshika kiti. Lilikuwa limeshikana na frame kwa kutu kama vile limechomelewa. Ukilazimisha, frame inapasuka, na frame ya aina hiyo hupati nyingine. Tulitia mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja. Tukamwagia maji moto. Wapi. Salim akasema tulikate. Nikakataa.

Mwishowe tulibana lile bomba kwenye vice, ile jiliwa ya chuma ya dukani kwake, tukashika frame, mmoja mbele mmoja nyuma, tukaizungusha yote kama usukani wa lori. Kwanza kimya. Halafu ikatoa mlio kama mbuzi anayevutwa sokoni, ikaachia.

Salim alikaa chini kwenye mfuko wa simiti akasema alhamdulillahi.

Baada ya hapo ilikuwa raha tupu. Cheni mpya, nyaya mpya, tairi, raba za breki. Rangi sikuigusa, mikwaruzo yote nikaiacha. Kiti nikakishusha, na gia nikatafuta nyepesi kabisa kwa sababu ya lile goti.

Siku ya kuirudisha tulienda na baiskeli zetu pia. Mama Mghoi alitoka amevaa suruali ya track na kitambaa kichwani. Nikampa helmeti, akaivaa juu ya kitambaa.

Akapanda. Akayumba kidogo, mimi nakimbia pembeni na mikono hewani. Akasema, "Mwanangu, utaniangusha wewe." Halafu akaenda zake.

Wakesho alitufuata na pikipiki ya kukodi, uso umekunjwa.

Hatukuwa na haraka. Mama akichoka, tunashuka, tunasukuma, tunakunywa maji. Mahali fulani tulikuta mavi ya ndovu bado mabichi. Akatusimamisha wote kwa mkono, pikipiki ikazimwa. Tukangoja mpaka kundi likavuka mbele yetu na watoto wao, kisha akakanyaga pedeli.

Kule Makwasinyi, wanawake waliokuwa wakisuka vikapu vya katani waliinua macho. Mmoja akasimama. "Si huyo ni Daktari?"

Wakatoka kila nyumba. Mwanaume mmoja mkubwa, ndevu kijivu, akapandisha mkono wa shati akamwonyesha bega.

"Daktari, hii alama ya chanjo ni yako. Nilikuwa najificha nikisikia kengele ya hiyo baiskeli."

"Na nilikupata," Mama Mghoi akamwambia.

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Tuliletewa uji, mihogo, maembe. Safari ikachelewa vibaya na hakuna aliyejali.

Nilimtazama Wakesho. Alikuwa ameegemea pikipiki, uso umekunjuka, anamtazama mama yake kama mtu anayekutana naye mara ya kwanza.

Tulipomaliza mzunguko, jua linashuka, akanivuta kando.

"Una ingine inayonitosha mimi?"

Ninazo, wakuu. Wiki iliyofuata nilimpelekea ile nyekundu yangu ninayoipenda sana, na sikuumia hata kidogo. Siku hizi tunatoka wanne, na wa kupiga simu kuuliza "lini tena" ni Mama.

Nilichojifunza: kitu cha zamani kikiwa na mwenyewe aliye hai, usiwatenganishe. Mtengenezee, halafu omba uende naye. Utapata zaidi ya ulichokuja kununua.

Sasa ni zamu yenu. Nani ana chuma cha zamani kinaoza kwa kina nyanya huko Mahoo, Mata, Wundanyi, popote? Weka picha hapa tuione, na kama bomba la kiti limeshikana, usikate. Uliza kwanza.