Blanketi Jekundu la Namnyaki

Namnyaki binti Parsimei alianza kupenda kusoma kwa sababu ya baridi. Mwezi wa saba ukungu wa Meru hushuka hadi migombani, na ngozi ya mbuzi aliyokuwa akijifunika ilikuwa imekakamaa kama ubao. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga ngome yao Arusha, na juu yake, mteremkoni, palikuwa na shule ya misheni yenye paa la nyasi. Parsimei alimpeleka binti huyu kwa kuwa kila boma lilitakiwa kutoa mtoto, na wavulana wake walikuwa na kazi ya kuchunga.

Shule ilipofungwa kwa ajili ya mavuno, mke wa mmisionari, aliyeitwa na wote Bibi, alitangaza jambo. Mtoto atakayeendelea kusoma nyumbani, kisha aje asome mbele za watu siku ya kufungua, atapewa blanketi jekundu.

Bibi hakuuliza mila za watu. Sumari, kijana wa Kimeru aliyemsaidia kufundisha, alijua kwamba kwa majirani zake Waarusha binti akivikwa blanketi na watu wa nje, ameposwa. Alijua, akanyamaza. Mara ya mwisho alipompinga Bibi, aliondolewa darasani akapelekwa kuchota maji.

Basi Namnyaki akasoma. Alisoma akilinda ndege shambani, akasoma akisubiri ndama wanywe. Mama yake, Nkasiogi, alimwona akitembeza kidole juu ya karatasi.

"Namnyaki, hicho kitu kinakulisha?"

"Hapana, yeyo. Kitanifunika."

Mama akacheka, asijue anacheka nini.

Tatizo ni kwamba Namnyaki alikuwa na mchumba. Mzee Lesikar wa Ngaramtoni alikuwa amekwisha kuleta asali na tumbaku kwa ajili ya mwanawe, na Parsimei alizipokea. Siku moja sokoni, Lesikar akasikia wanawake wakiongea: Mzungu anagawa blanketi kwa mabinti, na binti Parsimei yumo. Hakwenda hata kwake. Alipanda moja kwa moja hadi kwa Parsimei, akasimama mlangoni, akakataa kukaribishwa.

"Asali yangu umeila," alisema. "Sasa blanketi la nani hilo? Binti mmoja unawapa watu wawili?"

Parsimei aliona aibu kama mtu aliyekutwa na ng'ombe wa wizi.

Siku ya kufungua shule, watu walijaa mpaka nje. Askari mmoja wa ngome, aliyekuwa amesindikiza wapagazi, alisimama pembeni na bunduki yake. Namnyaki alisoma ukurasa wake wa Kiswahili kwa sauti, akamaliza. Bibi akatabasamu, akakunjua blanketi, akamtupia mabegani.

Papo hapo Parsimei akaingia na rungu mkononi. Nyuma yake walikuwa ndugu zake wawili, na nyuma yao Lesikar.

"Mvue!"

Bibi hakuelewa neno, ila alielewa rungu. Askari akaiteremsha bunduki kutoka begani, akawaelekezea. Watoto wakarudi ukutani. Lesikar akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Mmeona wenyewe."

Sumari alikuwa amesimama kati ya wale watu na Bibi. Kama angenyamaza tena, mtu angekufa.

"Bibi," alisema, "kwa hawa, umemposa msichana. Na alikuwa na wenyewe."

Uso wa Bibi ukaiva. Akamwambia askari ashushe bunduki, lakini askari hakutaka. Ndugu mmoja wa Parsimei akasogea hatua moja.

Hapo Namnyaki akalivua blanketi mwenyewe. Alilikunja taratibu, akaliweka miguuni pa Bibi, akamwendea baba yake na kuinamisha kichwa ili aguswe, kama mtoto anavyomsalimu mkubwa. Mkono wa baba haukuja. Akabaki ameinama.

"Hizo alama za kitabuni," Parsimei alisema hatimaye, "zinasema kweli, au wamekukaririsha?"

"Chagua ukurasa mwenyewe, papa."

Parsimei akakichukua kitabu cha shule, akakifungua mahali popote, akaweka kidole chake kinene. Namnyaki alisoma, akakwama, akarudia neno herufi kwa herufi, akaendelea. Kisha akaeleza kwa Kimaasai, lugha ya Waarusha: chemchemi isiyo na ua huchafuliwa na mifugo, na watoto wa boma huugua tumbo.

Parsimei alikuwa amezika watoto wawili wa ugonjwa wa tumbo.

"Nani alikwambia hayo?"

"Hakuna mtu. Yameandikwa hapo ulipoweka kidole."

Ndipo mkono ukashuka kichwani pake, na askari akashusha bunduki. "Atasoma," akasema. "Blanketi lenu sitaki."

Lesikar akatema mate pembeni. "Na mimi binti anayefundisha wazee simtaki. Nirudishie asali yangu."

Parsimei alirudisha asali, akaongeza mtamba wa kufuta aibu, na kwa misimu kadhaa koo hizo mbili hazikunywesha ng'ombe pamoja. Nkasiogi alimlaumu mumewe kwa ule mtamba mpaka alipozeeka. Shuleni, Sumari alipata ujasiri wa kumshauri Bibi, na mavuno yaliyofuata zawadi ikawa chumvi, kitu kinacholiwa na nyumba nzima na kisichoposa mtu.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuja, wamisionari wakaondoka na chumvi ikaadimika. Namnyaki, ambaye sasa alikuwa mwanamke, alikusanya watoto wa jirani wakati wa mavuno, akawafundisha kuandika kwa kijiti kwenye vumbi. Hakuwa na cha kuwapa. Wengi waliacha siku za mwanzo. Waliobaki aliwafundisha mpaka mvua ikafuta uwanja, kisha akawaita ndani, karibu na moto.