Boneti Isiyoguswa

Ndugu yangu mdogo alipojipatia gari jipya, jeusi tititi, hakulinunua ili limfikishe mahali. Alilinunua ili alichunge. Nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, kwa hiyo nina haki ya kusema: hajawahi kunichunga mimi, wala mama yetu, wala hata mbuzi wa nyumbani, kama alivyolichunga lile bati.

Na jipya maana yake jipya. Si yale yanayoshushwa bandarini yakiwa na umri wa mtoto wa darasa la tatu. Hili lilitoka dukani na nailoni kwenye viti, na nailoni yenyewe akaiacha palepale, kwa hiyo ukikaa inalia kwacha kwacha kama mkate unaofunguliwa.

Alinieleza mambo ya rangi siku moja tukila chakula cha mchana katikati ya jiji la Nairobi, karibu na ofisi yangu. Sikuwa nimemuuliza. Alisema rangi nyeusi si rangi tu, ni kazi. Kila kidole kinaacha alama, na kila kitambaa kibaya kinaacha mikwaruzo ya mviringo, myembamba kama utando wa buibui, ambayo mtu wa kawaida haioni mpaka jua lipige. Ndiyo maana alilipeleka kwa mafundi fulani karibu na Ngong Road. Huko rangi ambayo ilikuwa haijanyeshewa hata tone la mvua ilisuguliwa, ikapigwa polishi kwa mashine, halafu ikapakwa dawa wanayoiita seramiki, inayokauka na kuwa ngumu kama kioo. Nilimuuliza rangi mpya ilikuwa na ubaya gani hata ing'arishwe. Akanitazama kama niliyeuliza mtoto mchanga anaogeshwa kwa nini.

Tangu siku hiyo zikaja sheria. Ndoo mbili za kuoshea, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Kitambaa cha mwili si kitambaa cha magurudumu. Kulikuwa na kitambaa cha manjano, laini kama shavu, ambacho kikianguka chini hakirudi tena kwenye gari, kinashushwa cheo na kwenda kupangusa viatu. Vijana wanaoosha magari hapa kwangu Kabiria aliwaita wauaji. Chini ya mjakaranda haegeshi, kwa sababu ya maua. Chini ya waya za stima haegeshi, kwa sababu ya ndege. Mjini aliacha gari mbali na kazini, mahali penye nafasi pana ambapo hakuna mtu wa kufungua mlango ukaligonga, kisha akatembea juani na koti mkononi. Gari linapumzika, mwenyewe anatoka jasho. Akija kunitembelea anasimama dirishani na kikombe chake, macho kwa watoto wanaocheza mpira nje, na mwaka huo wote sikumbuki akimaliza sentensi moja nyumbani kwangu. Maskini akipata, matako hulia mbwata, na ya ndugu yangu yalisikika mpaka Riruta.

Haya yote ningeyacheka na kuyasahau, kama si Mama.

Mama anaishi Mutuini, pembeni mwa jiji, kwenye kiploti alichoachiwa na baba, na ng'ombe mmoja na vyumba viwili vya kupangisha. Miaka ile macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli, basi. Vitu vingine vyote alivijua kwa mkono. Nikifika alinishika kichwa kwanza, ajue kama nimesuka, kisha akapapasa pindo la nguo yangu na kuniambia limeanza kufumuka. Ukimletea sukari aliipima kiganjani kabla ya kusema asante.

Tena kwetu, sisi watu tuliotoka magharibi mwa nchi, kitu kipya hakijawa chako mpaka Mama akiwekee mkono na kukiombea. Sanduku langu la shule aliliwekea mkono. Kitanda changu cha kwanza, vilevile. Joho la ndugu yangu la kuhitimu chuo alilishika begani akaomba mpaka tukachelewa sherehe. Hakuna aliyewahi kutuambia ni lazima, lakini hakuna aliyewahi kujaribu kuishi bila hilo. Na ndugu yangu alikuwa na safari. Desemba alitaka kulipeleka gari nyumbani, magharibi, ili wale waliomjua akiwa miguu mitupu wamwone. Safari kama hiyo huianzi na gari ambalo mkono wa Mama haujapita.

Basi akalileta Mutuini Jumamosi moja. Lilikuwa limepakwa ile dawa siku mbili tu kabla, na mafundi walikuwa wamemwonya kwamba kwa wiki nzima lisiguswe na maji wala mafuta. Je, angengoja wiki iishe? Thubutu. Mchungaji alikuwa ameshaalikwa, na akina mama wa kanisa, na chai na mandazi, na yeye alitaka waone ule mng'aro ukiwa motomoto. Ulimbukeni haujui kungoja.

Aliegesha mbali na mparachichi. Kisha, naapa, akafungua kamba ya Mama ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye viti vya plastiki na kulizungushia gari. Mchungaji alifika na kichupa chake cha mafuta ya upako. Ndugu yangu akamvuta kando na kumfundisha kemia. Mchungaji ni mtu mpole. Alirudisha kichupa mfukoni akasema basi ataombea kutoka pale aliposimama, ingawa katika Biblia yake ile damu ya Pasaka ilipakwa kwenye miimo ya milango, haikuonyeshwa miimo kutoka getini. Akina mama walicheka kimyakimya, wamejiziba midomo kwa leso.

Ndipo Mama akasimama. Alikuwa amevaa nguo yake ya Jumapili. Asubuhi hiyo nilimkuta akijipaka mikononi mafuta ya kukamulia ng'ombe, anasugua na kusugua, na nilipomuuliza akasema amesikia gari la mtoto wake linakwaruzika, na mikono yake ni ya jembe. Aliifuata harufu ya gari, mikono mbele, mpaka kamba ikamgonga tumboni. Akauliza hii ni nini. Akaiinua kwa kidole, akapita chini yake.

"Mama, usiguse," ndugu yangu akasema. "Hiyo dawa haijashika. Mkono yako iko na mafuta."

Mkono ulisimama hewani, karibu kabisa na boneti.

"Nilikuwa nataka tu kuiona, baba," Mama akasema. Humwita baba kwa kuwa ndugu yangu amebeba jina la babu yetu, babake Mama.

"Utaiona wiki ijayo."

Mama akaurudisha mkono. Akajipangusa mikono yote miwili kwenye nguo yake ya Jumapili, kama mtu aliyefumaniwa jikoni kwa wenyewe, akarudi kitini. Nilimchukia ndugu yangu dakika ile, na sioni sababu ya kulipamba hilo kwa maneno. Maombi yalifanywa kutoka ng'ambo ya kamba. Watu walipokuwa wakinywa chai, yeye alilizunguka gari na kitambaa cha manjano, anafuta pumzi zetu.

Wiki ilipoisha akarudi, amejaa ukarimu, akamwambia Mama sasa anaweza kugusa. Mama alikuwa anapukuchua maharagwe. Akasema mikono ina vumbi. Jumapili iliyofuata ilikuwa na kitunguu. Nyingine, alikuwa ametoka kukamua. Kila mara sauti ilikuwa tamu, kila mara alimuuliza kama amekula, na kila mara mikono ilibaki mapajani. Mama hagombani na mtu. Hukubali tu ulichosema, akakubali mpaka ujute.

Nami niliyatazama haya kwa furaha isiyo ya Kikristo. Mtu ana shahada, ana bima kubwa, ana dawa ya kuzuia mvua, jua na mavi ya ndege, na sasa hana usingizi kwa sababu mwanamke asiyeona hajamgusia boneti. Desemba ilikuwa inabisha hodi. Alinipigia simu ofisini.

"Sista, mwambie tu aweke mkono," akasema. "Siwezi toka Nairobi na hiyo gari hivyo."

Nilimwambia aiombe seramiki, maana inalinda kila kitu. Nilidhani atacheka au atanitukana. Alikata simu tu.

Zamu ya Mama ya kupasuliwa jicho ikafika, hospitalini kule Upper Hill. Ndugu yangu akashikilia kwamba atatupeleka mwenyewe. Mama alingoja afunguliwe mlango, akaingia bila kushika chochote, akakaa juu ya nailoni na mikono mapajani mpaka tukafika. Alipasuliwa jicho moja, akalala kwangu Kabiria, na kesho yake tukarudishwa kulekule kufunguliwa bandeji.

Tulitoka nje na jua la saa sita. Mama alisimama kwenye ngazi akinitazama kwa lile jicho moja jipya, akaniambia nimezeeka. Akamtazama ndugu yangu, akamwambia amenenepa. Kisha akalitazama gari. Na mimi nitasema ukweli, lilikuwa linang'aa. Maghorofa yote ya Upper Hill yalikuwa yamelala ndani ya ile boneti, na mawingu yake.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Alisema tu kwamba kumbe ni nyeusi, hakuna aliyemwambia.

"Mama, tafadhali," ndugu yangu akasema. "Weka mkono. Hata ukikwaruza, kwaruza." Sauti ilimkatika mbele ya askari wa geti na wagonjwa waliokuwa wakingoja magari yao. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu akiwa mtoto mwenye homa.

Mama aliitazama mikono yake. Ilikuwa miaka tangu aione, aliigeuza huku na huku. Kisha akaivua leso mabegani, akaikunja mara nne, akaitandika juu ya boneti, akanyoosha pembe zake. Halafu akaweka mkono juu ya leso.

Leso ile ilikuwa imekaliwa kwenye nyasi, imebeba mahindi, imempangusa ng'ombe kiwele. Kwa sheria za ndugu yangu, kitambaa kama hicho juu ya rangi nyeusi ni mauaji. Hakusogea.

"Mungu, mlinde mtoto wangu barabarani," Mama akasema. "Na hii rangi yake pia, uilinde, mtu asiiguse. Amina."

Nilimkazia macho nikitafuta kejeli, maana mimi kejeli ninaipenda na ningeifurahia. Haikuwepo. Alikuwa anaomba kweli, kwa nguvu zake zote, kile alichoambiwa mtoto wake anakipenda.

Ndugu yangu alitoa kile kitambaa cha manjano mfukoni, akajifuta nacho uso, macho na pua. Mama alimwona, maana sasa alikuwa anaona. Akaichukua leso yake, akajifunika mabega, akauliza kama tutakuta foleni Ngong Road.