Nilijiuguza kwa Ngoma, Ndege Wakala Mpunga wa Yaya

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Jina langu mnisamehe, maana hapa Kindu nikilitaja tu mtacheka kabla sijamaliza.

Nilikuwa nimeingia ule umri ambao watoto hawajaacha kukuita na wazazi nao wameanza. Kwa mume wangu, mwungwana anayefuata misafara ya pembe za ndovu, mimi ndiye mpishi wa kila karamu. Ng'ambo ya mto, kwetu nilikozaliwa, mimi ndiye msuluhishi wa kila ugomvi. Mama haoni vizuri. Binti ana mimba ya kwanza. Mama mkwe hali wali wa mkono mwingine. Lo! Hata kasuku wa jirani alishajifunza kuniita!

Nikaanza kubadilika. Usingizi ulinikimbia. Nilimfokea binti kwa kuvunja chungu, kisha nikakililia chungu chenyewe. Siku moja nilisimama sokoni na samaki mkononi, nisijue nanunua au nauza.

Ningesema nimechoka. Lakini kwetu mwanamke aliyechoka huitwa mvivu. Mgonjwa ndiye huachwa alale. Basi nikaamua kuugua!

Nikamwendea shemeji yangu Kalonda, mpiga ile ngoma ya gogo inayopeleka habari kijiji hadi kijiji.

"Shemeji, piga kwamba naumwa."

Akanitazama juu hadi chini. "Unaumwa nini? Weye umebeba mutungi!"

"Piga tu."

"Nipige kidogo ao sana?"

Hapo ndipo nilipoharibu. "Sana," nikasema.

Aibu iliyoje! Jua halijapanda vizuri, ua umejaa watu. Nani alisahau kwamba kwetu mgonjwa haachwi peke yake? Mimi! Mimi niliyekwenda kuketi kwa kila mgonjwa wa mji huu!

Walikuja na kuku, na majani ya kuchemsha, na midomo yao. Na wageni hula. Nikawa nimejifunika shuka huku naamuru jikoni: "Chumvi iko nyuma ya kapu la samaki wakavu!"

"Mugonjwa huyu," akasema mama mmoja mlangoni, "ana sauti ya muntu wa soko."

Jioni akafika Yaya. Ni dada yangu mkubwa, mjane, analima mpunga upande wa Kailo. Ulikuwa umeiva, na mpunga ukiiva Yaya hashuki kwenye dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege, mpaka avune. Siku hiyo alishuka. Matope yalimfika magotini. Alinishika paji la uso, akawaambia wageni watoke.

"Huna homa."

"Sina, Yaya."

"Tumbo?"

"Haliniumi."

"Sasa kinachokuuma njo nini?"

"Nimechoka tu."

Alijifuta matope magotini. "Ungesema hivyo, ningevuna kwanza, nikaja kukupikia, ukalala. Mimi nimesikia unakufa. Nimeacha mupunga wazi."

Alfajiri tulikwenda pamoja shambani. Ole wangu! Ndege walikuwa wameshiba hata hawakuona haja ya kuruka haraka. Masuke yalisimama matupu. Chakula chake cha mwaka! Na ile mbegu nyekundu aliyoachiwa na marehemu mumewe, haikubaki hata ya kupanda.

Yaya hakulia. "Angalau ndege hawa wamepumzika," alisema.

Niliyelia ni mimi.

Nilimgawia nusu ya mpunga wangu. Mama mkwe akanuna msimu mzima. Lakini mbegu ile sikuipata popote, na najua Yaya huikumbuka kila anapopanda nyingine.

Msimu uliofuata nikaomba nimsaidie kulinda. Nilipanda dungu kama mtu anayekwenda kutumikia adhabu. Kumbe huko juu hakuna anayeniita! Navuta kamba ya vibuyu, nawapigia ndege kelele, natafuna muwa. Nikirudi nyumbani, binti anavunja chungu nami nacheka.

Juzi ngoma ya Kalonda ilinifuata hadi huko: nirudi, mama mkwe anataka wali. Nikainuka. Yaya akanivuta nguo.

"Kaa. Iko ndege."

Hakukuwa na ndege hata mmoja. Nikakaa. Mama mkwe alikula muhogo, na yu hai.

Enyi wenzangu mnaoitwa kutoka kila upande, msiige ujinga wangu! Mwili una kinywa, nao ukinyimwa ukweli utasema uongo. Semeni mmechoka mapema, kwa sauti yenu wenyewe, kwa yule anayewapenda. Msingoje hadi ashuke dunguni, maana ndege hawangoji.