Ubeti wa Mwita

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye jengo moja la Dubai Marina, supavaiza wetu alinikabidhi redio ya mkononi na onyo: "Boke, hapa macho ni yako, mdomo ni wangu." Jina lake Mwita. Nalitaja wazi, maana alitoka kwetu mpakani, na kwetu kutajwa jina si mchezo.

Ninyi mnaovaa sare leo, sikieni. Ulinzi ni kukaa lindoni, kupiga doria, kukabidhi zamu. Lakini mimi nilikuwa na kazi ya pili. Kila mapumziko, sebuleni mwa makazi yetu walinzi, mtaa wa Discovery Gardens, nilipiga ndoo na kuwaimbia walinzi nyimbo za wezi wa ng'ombe. Kwetu polisi walikuwa mbali. Mwizi alihukumiwa kwa wimbo. Waitikiaji wakiukubali, hakuna anayemsalimia tena mtu yule. Sheria ni moja tu: mshtakiwa akiwepo, lazima aachiwe ubeti wake ajitetee.

Basi bangili ya madam mmoja ikapotea kwenye fleti yake, jengoni mle. Mwita akamsingizia Robi, mlinzi mwenzangu wa kitanda cha juu. Na mimi nilimwona Mwita mwenyewe akitoka kwenye fleti ile na funguo za akiba! Nikamwambia meneja.

"Khalas, yameisha, Boke," akasema. "Supavaiza ameshasema."

Alichongoja ni walinzi wawili tu wa kumuunga mkono Mwita, Robi arudishwe kwao.

Nikamwalika Mwita sebuleni. Akaja anacheka. Nikaanza na Getaro, jambazi aliyeswaga ng'ombe wa mjane hadi ng'ambo ya mto. Watu walijaa mpaka mlangoni! Nikaugeuza wimbo:

Getaro hakufa, ndugu, leo amevaa tai,
Ana funguo za watu, na bangili haikai!

"Haikai!" wakaitikia, Wakenya, Waganda, Watanzania, wote.

"Mwita, leo utajua hujui!" mmoja akapiga kelele.

Viganja vilikuwa vinaniwaka. Robi alisimama, akitabasamu. Haki ya Mungu, nilijua tumeshinda.

Nikanyamaza, nikamwachia ubeti.

Mwita akafungua kola. Sauti ile, jamani! Akamwimba mama yake mgonjwa, akaliimba jua la lindoni, akamwimba dada wa kwao, ndiye mimi, anayemuuza yeye kwa wageni. Hata Getaro akageuka mtu wa kuonewa. Mguu wangu mwenyewe ulianza kupiga sakafu, nikaukanyaga kwa mwenzake.

"Imba, ndugu! Imba!"

Asubuhi meneja alihitaji wawili. Walijitokeza watano.

Robi alinikumbatia mlangoni, begi begani. "Dada, uliimba vizuri," akasema. "Yeye aliimba vizuri zaidi."

Sasa nimevua sare, nafungasha kurudi kwetu. Shule niliishia darasa la nne, lakini herufi zinanitosha. Bangili alichukua Mwita. Meneja aliambiwa, akapuuza. Wale watano hawakuona kitu.

Safari hii sikuimba, nimeandika. Na kwenye karatasi hii, Mwita, sikukuachia ubeti.