Wageni wa Kukagua Umaskini

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, sitausema vibaya. Nitawasema waliouendesha, na nikimaliza nitajisema mimi. Ulikuwa ufadhili wa chuo kikuu kwa vijana wanaotaka kuwa walimu wa shule za serikali. Wanakusomesha mpaka shahada, nawe unaahidi kufundisha popote watakapokupeleka, hata kama hapo popote hapana nyumba ya mwalimu wala choo cha mwalimu. Siku ya kuutangaza, katika ukumbi mmoja kule Nyegezi, kila mkubwa aliyeshika kipaza sauti alisema ualimu ni wito. Niliwasikiliza kwa makini. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba wito huo umewahi kubisha hodi nyumbani kwake. Watoto wao, nadhani, walikuwa wameitwa na benki.

Ila sina haki ya kucheka sana. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikachaguliwa chuo cha ualimu, nikaona chaki itanichafua. Nikaenda kufanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, ambako nilirudi kila jioni nikiwa mweupe mpaka kwenye nyusi.

Aliyeutaka ualimu kwelikweli ni mjukuu wangu. Nimemlea hapa Igoma tangu bibi yake alipofariki na mama yake alipokwenda Geita kutafuta maisha. Akiwa bado shule ya msingi alikuwa akiwapanga watoto wa majirani juu ya mawe nyuma ya nyumba na kuwafundisha kugawanya, na aliyekosea alirudishwa jiwe la nyuma. Akafaulu kidato cha sita, nasi hatukuwa na namna ya kumpeleka chuo. Akaomba ufadhili ule, akafanyiwa usaili, akapita. Ikabaki hatua moja tu: watu wa mpango waje nyumbani wahakikishe kwamba kweli hatujiwezi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mimi nimelelewa kwamba mgeni anapokewa kwa kilicho bora, na kama kilicho bora hakipo, kinatafutwa. Watu wa chuo kikuu waje kwangu wakae kwenye mkeka?

"Babu, ndicho wanachokuja kuangalia," mjukuu wangu aliniambia. "Wanakuja kukagua umaskini wetu."

"Wataukagua wakiwa wamekaa vizuri."

Ng'ambo ya barabara kuna seremala, rafiki yangu wa miaka mingi. Alikuwa na seti ya makochi ya mteja ambaye hajaja kuyachukua, bado yamevikwa nailoni. Akaniazima, akaongeza na meza ya kioo. Dada yangu aliyeko Magu akanitumia mchele mpya. Nikauza majogoo, nikaenda mwenyewe mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kuchagua sato.

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja mwenye miwani na kijana mwenye kishikwambi. Mjukuu wangu akawaamkia, "Shikamooni," na yule kijana, ambaye hakumzidi kwa miaka mingi, akavuta marahaba ndefu kama ya mkuu wa wilaya. Wakakaa. Kila walipojisogeza nailoni ililia. Wakala. Yule mama alimchambua sato mpaka kichwa, akanyonya vidole, ndipo akaangaza sebule.

"Hongera, mzee. Unaishi vizuri."

Nami nikajibu, bila aibu, "Tunamshukuru Mungu."

Kijana akaanza kubonyeza kishikwambi chake. Mjukuu wangu alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa. Alinitazama. Hakuthubutu kunikanusha mbele ya wageni. Nilimlea vizuri mno, kwa hasara yake. Jagi likainama mkononi mwake, na maji yakamwagikia kwenye kapeti, ambayo nayo haikuwa yetu. Ndipo akili ikanirudia.

"Makochi haya si yangu," nikasema.

Kijana akacheka. "Wazee bwana! Kila nyumba tunayoingia, ng'ombe ni wa shangazi, pikipiki ni ya jirani. Leo makochi!"

"Kweli kabisa. Ni ya seremala hapo ng'ambo."

"Kwa hiyo, mzee," mama akauliza taratibu, "siku tunayotafuta maskini, wewe ukaazima vitu ili uonekane tajiri?"

Alivyoliweka vile, hata mimi nisingejiamini.

Nikatuma aitwe seremala. Akaingia na vumbi la mbao mpaka masikioni. Akaniona natokwa jasho, akawaona wageni wamenikodolea macho, akaelewa jambo moja tu: rafiki yake anaaibishwa.

"Waambie ukweli, mzee mwenzangu," nikamsihi. "Haya makochi ni ya nani?"

"Ya nani tena? Ya kwako!" Akawageukia wageni. "Nimeyatengeneza kwa mikono yangu hii. Huyu mzee akanilipa palepale, hata kupunguziwa hakuomba. Na kitanda ameshaagiza."

"Kitanda!" nikasema.

"Ehe, kile cha sita kwa sita," akasema, akanikonyeza.

Kijana akabonyeza. Mama akaomba wali kidogo tu wa kumalizia mchuzi, akaula, kisha akanitazama kwa huruma. "Mzee, ukimfundisha mtoto uongo, atakuwa mwalimu wa namna gani?" Nao wakaondoka. Kipande cha sato kilichobaki niliwafungia mwenyewe wakale njiani. Huo ndio upumbavu wangu, haukuacha hata mfupa.

Jibu likaja: familia ina uwezo. Nafasi ilikwenda kwa kijana ambaye baba yake ana malori. Wiki ile ya ukaguzi malori yalilala kwa shemeji.

Seremala alitembea kifua mbele kwa muda mrefu. "Siku ile nilikuokoa, eeh?" Nilipomweleza hatimaye, alikaa juu ya benchi lake, akanilaumu. "Sasa mbona hukunikanyaga mguu?"

Mjukuu wangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alikwenda kujitolea kwenye shule ya msingi ya jirani, darasa ambalo watoto wamejaa mpaka mwalimu hana pa kuweka miguu. Alirudi jioni sauti imekauka, anasahihisha madaftari sakafuni. Mimi napita pembeni kama mgeni asiyealikwa. Maombi yalipofunguliwa tena akaomba tena, na tena akapita. Siku moja kabla ya ukaguzi alinijia na mkoba wangu, nguo zimo tayari.

"Babu, unakwenda Magu kwa dada yako."

"Kufanya nini?"

"Kutokuwepo."

"Na wageni nani atawapokea?"

"Mimi. Na fundi nimemwomba kesho asifungue karakana."

"Utawapa nini?"

"Babu, gari linaondoka."

Nikaenda. Kesho yake siku nzima nilikaa na simu kiganjani, dada yangu akiniuliza kama nadaiwa au nimeoa. Jua lilipoanza kuzama ikalia.

"Wamekuja?"

"Amekuja yule mama wa miwani, peke yake. Ameuliza makochi yalikwenda wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba mwenyewe aliyachukua. Akatazama mkeka, akatazama paa. Kisha akavua viatu, akakaa chini."

"Ulimpa nini?"

"Maji ya kunywa."

"Maji? Mtu mzima atoke mjini mpaka kwetu, umpe maji matupu?"

"Babu." Nikasikia anapumua. "Amesema nianze kutafuta godoro la chuo."

Dada yangu alisikia, akapiga kigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mimi nikarudisha simu sikioni. Nikamwambia, hongera, mwalimu. Kisha, Mungu anisamehe, nikamuuliza kama hayo maji angalau yalikuwa ya baridi.